Iago Anamsemesha Nani? Kuhusu Onyesho la Kwanza la Othello

Kila msimu wa kusahihisha insha za fasihi unapofika, hukutana na sentensi ileile, mara nyingi katika aya ya kwanza kabisa: "Iago anamchukia Othello kwa sababu ni mweusi." Nimechoka nayo. Si kwamba ubaguzi haumo katika onyesho la kwanza la tanzia hii ya Shakespeare, ambamo Othello ni jemadari Mmoro, yaani mtu mweusi mwenye asili ya Afrika, anayeitumikia Venisi, na Iago ni askari aliye chini yake; umejaa tele. Ninacholalamikia ni kwamba mwandishi wa insha amechukua matusi yaliyopigwa gizani kwa makusudi, chini ya dirisha la mzee fulani, akayageuza kuwa ungamo la moyo wa aliyeyapiga.

Tuyafuate mazungumzo yanavyokwenda. Ni usiku, mtaani Venisi, na Iago yuko na Roderigo, kijana mwenye fedha asiye na akili ya kuzilinda. Kwa huyu, Iago ananung'unikia cheo: wakubwa watatu wa mji walimwombea uluteni, lakini Othello akampa Cassio, mtu wa Florence ambaye, kwa madai ya Iago, vita anavijua vitabuni tu. Anazungumzia ukubwa kazini, upendeleo na barua za kuombeana vyeo. Tusi la maumbile, lile la midomo minene, linatoka kwa Roderigo, na analitamka kwa wepesi wa mtu asiyetarajia kukemewa. Hakemewi.

Kisha wanamwamsha Brabantio, seneta ambaye binti yake, Desdemona, ametoroka usiku huo na kuolewa na Othello, na hapo lugha inageuka. Kilio cha kwanza cha Iago ni cha wezi: mzee aangalie nyumba yake, binti yake na mifuko yake ya fedha, kwa mpangilio huohuo. Desdemona amewekwa katikati ya jengo na fedha! Wanafunzi hupenda kunukuu kondoo, wala hawaioni mifuko. Mzee anapochungulia dirishani ndipo anapoletewa kondoo dume mzee mweusi ampandaye kondoo wake jike mweupe, tena "sasa, sasa, sasa hivi", ili asipate hata nafasi ya kutafakari. Na akizidi kusita anatajiwa farasi wa Barbari, yaani wa Afrika Kaskazini, na wajukuu watakaomlilia kama farasi. Kila picha hapo imepimwa kwa masikio ya mtu mmoja: seneta, baba, mwenye mali, anayejali damu ya ukoo wake. Iago hasemi anachokiona yeye; anasema kile anachojua kwamba Brabantio anakiogopa.

Ushahidi wangu mkubwa uko mwishoni mwa onyesho hilohilo, mahali ambapo wengi huwa wamekwisha kufunga kitabu. Kabla ya kujiondoa, kwa kuwa haimfai kuonekana akimshitaki mkuu wake, Iago anamweleza Roderigo kwamba dola haitathubutu kumfukuza Othello, kwani vita vya Kipro vimewadia na hawana mwingine wa kimo chake wa kuviongoza. Kinywa kilichomwita mnyama ndicho kinachomkiri kuwa hana mfano, na yote mawili yanasemwa huku Othello mwenyewe hajatia mguu jukwaani, wala jina lake halijatajwa. Mpaka hapo ni "yule Mmoro" tu. Jina tutalisikia katika onyesho la tatu, likitoka kinywani mwa Mtawala wa Venisi, anayemhitaji vitani.

Kwa hiyo mtu ambaye chuki yake inafichuliwa hapa ni Brabantio, ambaye katika onyesho zima hamtukani Othello hata mara moja. Kwanza anapinga: hapa ni Venisi, nyumba yangu si nyumba ya shambani iliyo peke yake. Dakika chache baadaye anaagiza mshumaa, na kabla hajakikagua chumba cha binti yake anasema kwamba jambo hili linafanana na ndoto aliyoiota na kwamba tayari anaanza kuliamini. Ameiota! Iago hakuipanda mbegu hiyo. Ameikuta imekwisha kuota, akaimwagia maji. Mzee huyuhuyu, kama tutakavyoelezwa baadaye, alikuwa akimwalika Othello nyumbani na kumpenda. Kisha anamgeukia Roderigo, aliyekuwa akimtaka Desdemona naye mzee akampiga marufuku kusogelea mlango wake, na kumwambia heri ungemwoa wewe. Sijui mstari mwingine unaoonyesha ubaguzi wa kistaarabu waziwazi kuliko huo.

Kuna mahali hoja yangu inayumba, nami sitaificha. Akiwa peke yake na Roderigo, Iago anajiita mshika bendera wa "utukufu wake wa Kimoro". Dhihaka hiyo hakuwa na haja nayo. Hapakuwa na mzee wa kuchochewa. Huenda basi chuki ya rangi imo ndani yake kweli, ikiwa imechanganyika na kijicho cha cheo kiasi kwamba mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Siku nyingine huamini hivyo.

Shaka yangu ya pili ni ya matini, kwani tamthilia hii imetufikia katika chapa mbili za kale zinazotofautiana. Hotuba ndefu ya Roderigo kwa Brabantio, ile yenye adabu zote, inayosema binti amesindikizwa na mpiga makasia wa kukodiwa hadi mikononi mwa Mmoro mwenye tamaa, imo katika chapa ya 1623 lakini haimo katika ile ya 1622. Bila hotuba hiyo, matusi ya Iago ndiyo yanayobeba karibu mzigo wote wa kumshawishi mzee. Ikiwapo, anayemshawishi ni kijana wa tabaka lake anayezungumza kwa heshima. Mimi hufundisha kwa chapa ya 1623, ingawa siwezi kuthibitisha kama mistari hiyo iliongezwa baadaye au ilikatwa mapema.