Kizunguzungu baada ya mazoezi: kwa nini huja ukisimama, si ukikimbia

Kwenye mbio ndefu kuna jambo ambalo wahudumu wa afya wamelizoea: wakimbiaji wengi wanaoanguka hawaangukii njiani. Wanavuka mstari wa mwisho, wanasimama, wanainama kushika magoti, halafu miguu inalegea. Mtu aliyekuwa anakimbia sekunde chache tu zilizopita sasa hawezi hata kusimama. Hiyo ndiyo sura kali ya kizunguzungu cha baada ya mazoezi. Sura yake ya kila siku ni nyepesi zaidi: kichwa kinakuwa chepesi, giza linaingia machoni kutokea pembeni, masikio yanavuma, jasho la baridi linatoka, pengine na kichefuchefu. Baada ya dakika moja au mbili hali inarudi sawa.

Anayepatwa nacho hujitafutia sababu haraka haraka: sijala, sijanywa maji, nimejichosha mno. Huenda ni kweli. Ila sababu ya kwanza, ile inayoeleza kwa nini kizunguzungu kinangoja mtu asimame ndipo kije, ni kwamba damu imekwama miguuni.

Mtu akiwa amepumzika, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na misuli hupata takriban sehemu moja ya tano tu. Akikimbia kwa nguvu, kiasi hicho kinaweza kufika lita 20 au kuzidi, na sehemu kubwa mno, zaidi ya robo tatu, inakwenda kwenye misuli inayofanya kazi. Ili damu yote hiyo ipite, mishipa midogo iliyo ndani ya misuli hutanuka. Kushuka miguuni si tatizo. Kazi ipo kwenye kurudi, maana damu inabidi ipande kutoka kifundo cha mguu mpaka kifuani, na moyo peke yake haumudu kazi hiyo vizuri. Unasaidiwa na misuli. Kila hatua unayopiga, shavu la mguu hukaza na kuminya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizomo ndani yake, damu inasukumwa juu, na vali, milango midogo iliyo ndani ya vena, zinaizuia isirudi chini. Ndiyo maana mashavu ya miguu huitwa moyo wa pili.

Sasa simama ghafla. Pampu ya miguu imezimwa papo hapo, lakini mishipa iliyotanuka haijapata habari. Itachukua muda kurudi kwenye upana wake wa kawaida. Damu inaendelea kushuka na haipandi. Moyo unapokea kidogo, kwa hiyo unatoa kidogo, shinikizo la damu, yaani presha, linashuka, na kiungo cha kwanza kulalamika ni kile kilicho juu kabisa. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili uliopumzika, na hauna ghala la kuihifadhi. Damu ikikatika kabisa kuelekea ubongoni, fahamu hupotea ndani ya sekunde zisizofika hata 10. Ikipungua tu, unapata giza la macho na kichwa chepesi.

Mwili una ulinzi wake. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye tao la aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisi vinavyopima shinikizo muda wote. Likishuka, moyo huamriwa upige haraka na mishipa ibane. Ulinzi huu ndio unaokuwezesha kuamka kitandani bila kuanguka. Baada ya mazoezi, hata hivyo, unafanya kazi kwa ulegevu kidogo, na shinikizo la damu linaweza kubaki chini ya kiwango chake cha kawaida kwa saa kadhaa. Kushuka huko kwenyewe si ugonjwa. Ni sehemu ya faida ambayo watu wenye presha ya kupanda huipata kwa kufanya mazoezi.

Dawa ya jambo hili ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau: usisimame. Ukimaliza kukimbia, tembea. Ukimaliza kuendesha baiskeli, zungusha pedali polepole. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa wengi, na si kwa ajili ya kupoza misuli kama inavyosemwa mara nyingi, bali kwa ajili ya kuiacha pampu ya miguu ikifanya kazi mpaka mishipa ijibane yenyewe.

Kizunguzungu kikishakushika, usishindane nacho. Lala chini, inua miguu iwe juu ya kiti au begi. Kama huwezi kulala, kaa. Na kama hata kukaa haiwezekani, pishanisha miguu, kaza mapaja na matako kwa nguvu, hapo unaiminya damu ipande. Hapa niseme jambo moja linaloniudhi. Mtu akianza kuzirai, walio karibu humkimbilia wakamshika makwapani wamsimamishe, kana kwamba kuanguka ndiyo ugonjwa. Kumbe kulala chali ndiyo tiba: damu haina tena mlima wa kupanda. Kumsimamisha kwa nguvu ni kuunyima ubongo damu kwa muda mrefu zaidi. Mlaze. Na usimnyweshe maji mtu ambaye fahamu hazijamrudia.

Yapo mambo yanayokuza tatizo hili. Joto ni mojawapo, kwa sababu ngozi nayo inadai damu yake ili kutoa joto, na jasho linapunguza maji ya damu kwa jumla. Kuoga maji ya moto sana mara tu baada ya mazoezi hufanya vivyo hivyo. Wanaoogelea wana lao: ndani ya bwawa, maji huiminya miguu na kusaidia damu kupanda, ukitoka na kusimama ukingoni msaada huo umekwisha, na ndiyo maana kichwa huzunguka kwenye ngazi. Dawa za presha, za kuongeza mkojo, na baadhi ya dawa za tezi dume pia huchangia. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Wanaonyanyua vyuma hupatwa kwa njia nyingine. Ukibana pumzi na kukaza tumbo chini ya uzito mkubwa, shinikizo la damu hupanda sana kwa muda mfupi, huku mgandamizo wa kifua ukizuia damu kurudi moyoni. Ukiachia pumzi na kurudisha chuma mahali pake, shinikizo linaanguka ghafla. Hicho kizunguzungu huja sekunde chache baada ya kunyanyua, na hatari yake kubwa ni kwamba huenda chuma bado kiko mikononi.

Kuhema kupita kiasi nako hutosha. Ukitoa hewa ya kaboni dayoksaidi haraka kuliko mwili unavyoizalisha, mishipa ya ubongo hubana, na utasikia ganzi kwenye midomo na vidole. Punguza kasi ya kupumua. Sukari kushuka ni jambo la uzito kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari: kipimo chini ya milimoli 4 kwa lita kinahitaji kitu kitamu mara moja, na kupima tena baada ya dakika 15. Kwa mtu asiye na kisukari, si mara nyingi sukari ndiyo mkosaji. Na ushauri wa kunywa maji, mengi, mengi zaidi, una mpaka wake: katika mazoezi ya saa nyingi, anayekunywa kupita anachotoa anaweza kushusha sodiamu, yaani chumvi, ya damu, naye pia ataumwa kichwa, atatapika na kuchanganyikiwa.

Usichanganye haya yote na hali ya chumba kuzunguka. Kama baada ya kujilaza kufanya mazoezi ya tumbo, au kugeuza kichwa, unaona kuta zinazunguka kwa muda usiofika dakika, uwezekano mkubwa ni sikio la ndani, ambako chembe ndogo za chokaa zimehama mahali pake. Inatisha, lakini daktari au mtaalamu wa viungo anaweza kuzirudisha kwa kukigeuza kichwa chako kwa utaratibu maalumu.

Swali ninaloliona la maana kuliko yote ni hili: kilikuja lini? Kizunguzungu kinachokuja baada ya kusimama, kikaondoka ukilala, kwa kawaida ni habari ya damu na miguu. Kinachokuja katikati ya kukimbia, miguu ikiwa bado inafanya kazi, ni habari nyingine, kwa sababu pampu ilikuwa inafanya kazi na bado damu haikufika. Hapo moyo wenyewe unashukiwa: mdundo uliovurugika, vali iliyosinyaa, au misuli ya moyo iliyonenepa. Mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani mjini Lyon mwaka 2003 mpira ukiendelea, akafariki. Christian Eriksen wa Denmark alianguka hivyo hivyo mjini Copenhagen mwaka 2021 moyo wake uliposimama. Yeye aliokolewa kwa kukandamizwa kifua na kwa mashine ya kushtua moyo. Anayeanguka, haitiki na hapumui kawaida, hangojwi: ita msaada, anza kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kuzirai katikati ya zoezi, maumivu ya kifua, moyo kupiga ovyo, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana ni sababu za kuacha mazoezi mpaka upimwe umeme wa moyo na moyo wenyewe. Kuchanganyikiwa mwili ukiwa wa moto sana ni kiharusi cha joto. Mtu huyo amwagiwe au atumbukizwe kwenye maji baridi papo hapo, huku gari la hospitali likiitwa.

Na kama kizunguzungu chako ni kile cha kawaida ila kinajirudia, hata ukimaliza mazoezi kwa kutembea, kapime presha na wingi wa damu. Omba presha ipimwe ukiwa umelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari ana pa kuanzia.