Kura ya Winooski si kura ya Marekani nzima

Wiki haipiti bila mtu kuniambia, "Ndugu, mimi si raia, lakini hapa Winooski, Vermont, napiga kura, kwa hiyo Novemba nami namchagua rais." Hapana! Maneno haya yanaponza watu wenye makaratasi safi kabisa, na kila anayeyaleta ameyasikia kwa mtu anayemwamini, kanisani, msikitini au kwa binamu.

Mwaka 2021 bunge la jimbo la Vermont lilipindua veto (kura ya turufu) ya gavana Phil Scott na kuuruhusu Winooski, mji wa watu kama 8,000, kuwapa kura wakazi wasio raia wanaoishi nchini kihalali. Kura hiyo ni ya mambo ya mji tu: meya, bajeti, shule. Majina yao hukaa kwenye daftari lao la pekee kwa karani wa mji, na karatasi wanayopewa haina rais, seneta wala gavana. Asiye raia akimpigia rais kura ametenda kosa la jinai, na anaweza kurudishwa alikotoka hata kama ana grini kadi (kibali cha kuishi Marekani daima).

Wengi hunaswa ofisi ya leseni za udereva, kabla hata ya kufika kituo cha kura. Tangu 2017 Vermont huandikisha wapiga kura kupitia leseni, na fomu inauliza kama wewe ni raia. Mtu amechoka na foleni, anatia alama "ndiyo" ili amalize. Kujidai raia ni kosa ambalo karibu halina msamaha, na siku ya kuomba uraia fomu ya N-400 italiuliza. Dai mkalimani, usimbebeshe mtoto wa darasa la sita kazi hiyo. Na ukipiga kura ya mji, mwombe karani barua inayotaja uko daftari lipi, uiweke pamoja na pasipoti.

Wanaosema Dr. Dynasaur, bima ya afya ya jimbo kwa watoto na wajawazito, humkosesha mkimbizi grini kadi wanakosea: mkimbizi hapimwi kwa kigezo cha kutegemea misaada. Mpelekeni mtoto kliniki.

Kadi ya kuendesha gari inayotolewa tangu 2014 bila kujali makaratasi ya uhamiaji ni ya barabarani tu. Si kibali cha kazi.

Na eti Vermont maafisa wa uhamiaji hawafiki? Sera ya jimbo inawabana polisi wa hapa tu wasishughulike na uhamiaji. Doria ya mpakani ni ya serikali ya shirikisho, na mpaka wa Kanada hauko hata saa moja kwa gari kutoka Winooski. Kama kesi yako ya uhamiaji haijaamuliwa, tembea na nakala ya risiti yake.