Picha ya NFT mara nyingi haiko kwenye blokucheni

Wengi huamini kwamba ukinunua NFT (tokeni ya kidijitali ya kipekee inayoonyesha umiliki wa kitu kama picha), picha yenyewe imo ndani ya blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi, na haiwezi kupotea. Mara nyingi sivyo. Katika ERC-721, kanuni za kutengeneza NFT kwenye blokucheni ya Ethereum, mkataba (programu inayoendeshwa humo) hutunza namba ya tokeni na anwani ya mmiliki. Picha huonyeshwa kwa kiungo tu. Sababu ni gharama: kila baiti inayohifadhiwa kwenye blokucheni hulipiwa.

Kagua mwenyewe. Fungua mkataba kwenye Etherscan, tovuti ya kutazama rekodi za Ethereum, nenda sehemu ya kusoma mkataba, tafuta tokenURI (huonyesha yalipo maelezo ya tokeni, pamoja na kiungo cha picha), kisha andika namba ya tokeni. Jibu likianza na https, maelezo yako kwenye seva ya mtu, na siku asipoilipia unabaki na risiti ya duka lililofungwa. FTX, soko la sarafu za kidijitali, ilipofilisika mwaka 2022, viungo vya NFT zilizotengenezwa kwake viliishia kwenye ukurasa wa habari za ufilisi. Likianza na ipfs, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta za watu mbalimbali, afadhali: faili hutambuliwa kwa hashi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na maudhui yake, hivyo haliwezi kuchezewa kimyakimya, ila lazima awepo wa kuendelea kulihifadhi. Likianza na data, maelezo yamo humohumo kwenye blokucheni. Hata hivyo yasome, maana picha huenda bado ni kiungo cha nje.

Hata CryptoPunks, mkusanyiko maarufu wa picha 10,000 za mwaka 2017, zilianza na hashi tu ya picha moja ya pamoja kwenye mkataba. Michoro yenyewe, pikseli 24 kwa 24 tu, iliingizwa Ethereum Agosti 2021.