Mwendo wa mbiombio katika filamu za zamani

Kipande cha filamu bubu kinapopita kwenye televisheni ya barazani huko Ngamiani, Tanga, hakosekani mtazamaji wa kucheka na kudai kwamba waigizaji wa enzi hizo walikwenda mbiombio kwa sababu hawakujua kuigiza. Dai hilo si sahihi.

Kamera za wakati huo kwa kawaida zilizungushwa kwa mkono, na mara nyingi zilinasa picha 16 hadi 20 kwa sekunde, kasi iliyobadilika kulingana na mkono wa mpiga picha na mahitaji ya tukio. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo ulilazimika kuwa mmoja, kwani sauti ikiyumba sikio hung'amua papo hapo, na kiwango kikawa picha 24. Basi mkanda ulionaswa kwa picha 16 ukionyeshwa kwa picha 24, tukio la dakika nzima humalizika kwa sekunde 40: mama anayemimina chai taratibu huonekana kama anayeimwaga, na maagano ya huzuni hugeuka kichekesho. Wachekeshaji, tukubali, wakati mwingine waliipunguza kasi ya kamera makusudi ili vituko vyao vichangamke.

Michirizi na ukungu navyo hutokana zaidi na uchakavu na kunakili nakala kutoka nakala nyingine. Anayetaka kuhukumu uigizaji kwa haki atafute nakala iliyosafishwa na kurejeshwa kwenye mwendo wake wa asili.