Mwalimu Anayetaka Kuwa Muuguzi: Anza na Cheti cha KCSE

Mwalimu wa miaka 38 anayefundisha Embakasi au Kawangware akitaka kuingia uuguzi, hati ya kwanza ya kutoa kabatini si digrii yake ya ualimu. Ni cheti cha KCSE. Vyuo vya uuguzi nchini Kenya huangalia alama za kidato cha nne, somo kwa somo, na digrii ya Historia na Kiswahili haizibi pengo la Biolojia hata ikiwa ya daraja la kwanza.

Diploma ya uuguzi wa afya ya jamii, ile inayojulikana kama KRCHN, huchukua miaka 3. Inataka wastani wa C, C katika Biolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Digrii ya uuguzi huchukua miaka 4, na masharti yake ni makali zaidi: wastani wa C+, kisha C+ katika Biolojia na Kemia, C+ katika Hisabati au Fizikia, na C+ katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari aliyepata wastani wa B lakini C katika Kemia hana nafasi kwenye digrii, ingawa diploma iko wazi kwake. Naye mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha P1 aliyeingia chuo cha ualimu kwa wastani wa C tayari ana wastani wa diploma. Mara nyingi kinachomwangusha ni Biolojia ya C-.

Ukikosa alama hiyo, njia iliyobaki ni kurudia mtihani ukiwa mtahiniwa binafsi. Chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi kweli. Biolojia na Kemia zina karatasi ya tatu ya vitendo, na mtu aliyesoma vitabu usiku baada ya kusahihisha madaftari huifikia karatasi hiyo akiwa hajashika byureti kwa miaka ishirini. Tafuta mwalimu mwenzako wa sayansi akupe Jumamosi chache kwenye maabara yake.

Kuna habari za mtandaoni zinazowapotosha wengi. Marekani kuna kozi za haraka, za mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa watu wenye digrii ya fani nyingine. Hapa kwetu kozi fupi za kujiendeleza hadi digrii zimewekewa wauguzi wenye diploma na leseni, mwalimu hazimhusu. Hata chuo kikikusamehe somo la mawasiliano, saa za wodini hazisamehewi.

Katikati ya jiji utakuta mabango ya kozi ya miezi sita ya kuhudumia wagonjwa nyumbani. Ni kazi halali na ina soko lake, lakini si uuguzi, na cheti chake hakikupi leseni. Chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, anayetoa leseni ni Baraza la Wauguzi la Kenya peke yake, na halimsajili mtu aliyesomea chuo ambacho halijakiidhinisha. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya Baraza. Isome kabla ya kulipa hata ada ya fomu, na hakikisha kampasi yenyewe unayoiendea imo, kwa kuwa tawi halirithi idhini ya makao makuu. Jijini Nairobi, KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba), Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Aga Khan vinafahamika kwa mafunzo haya.

Ukishapokelewa, fuatilia namba ya indeksi. Chuo ndicho kinachopeleka jina lako Barazani, na bila namba hiyo hutafanya mtihani wa Baraza, hata ukiwa umemaliza masomo yote na kulipa karo hadi senti ya mwisho. Hapa walimu wanawake hukwama kwa jambo dogo: KCSE ina jina la baba, kitambulisho kina jina la mume. Panga cheti cha ndoa, au hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, kabla hujaripoti chuoni, si muhula wa pili. Anza pia chanjo ya homa ya ini aina ya B mapema. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Hutaki kushika sindano wodini ukiwa na dozi moja.

Wodini, ualimu unakusaidia kuliko unavyodhani. Kumweleza mama aliyejifungua juzi jinsi ya kumnyonyesha mtoto, kisha kumwambia akuonyeshe badala ya kumuuliza kama ameelewa, ni ufundi ambao wanafunzi wenzako wa miaka 20 watauhangaikia. Hesabu nazo si ngeni. Daktari ameandika gentamisini miligramu 60 na kichupa kina miligramu 80 katika mililita 2: gawanya 60 kwa 80, zidisha kwa 2, unapata mililita 1.5. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata takribani matone 42 kwa dakika. Ndiyo maana saa yenye mshale wa sekunde ni kifaa cha kazi. Kosa linalojirudia ni kusahau kugeuza saa kuwa dakika. Ukipata jibu la matone 2,500, hesabu yenyewe inakupigia kelele.

Kuna mazoea ya darasani ambayo lazima yafe. Kwenye faili la mgonjwa hupaki rangi nyeupe wala hukwaruzi. Ukikosea, kata neno kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, weka saini yako, tarehe na saa, kisha andika lililo sahihi. Tena, hakuna anayejaza mwishoni mwa wiki kama rekodi ya kazi: kilichofanyika saa nne huandikwa saa nne. La tatu linauma zaidi. Utakosolewa mbele ya watu na muuguzi wa miaka 25, na mara nyingi atakuwa na haki.

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ndizo kwaheri. Zamu za usiku zinaingia mwaka wa kwanza au wa pili, na utazungushwa kwa mafunzo ya vituoni: uzazi katika hospitali kama Pumwani, afya ya akili Mathari, na afya ya jamii vijijini, mbali na nyumbani. Mwenye watoto wadogo apange mapema nani atalala nao.

Sasa fedha, sehemu inayoharibu mipango mizuri. Usiache kazi TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, kwa kutoonekana tu. Huko ni kutoroka kazi, ni kosa la nidhamu, na mshahara ukiendelea kuingia utadaiwa wote urudi. Uliza kwanza kwa maandishi kuhusu likizo ya masomo isiyo na mshahara. Kozi isiyo ya ualimu ina nafasi ndogo ya kupata ile yenye mshahara. Mkopo wa Sacco nao haufi: makato yakikoma kwenye hati ya mshahara, wadhamini wako, ambao ni walimu wenzako hapo hapo shuleni, ndio wanaanza kukatwa. Ulipe, au uafikiane na Sacco utaratibu mpya kabla ya mshahara wa mwisho. Bima ya kazini ikikoma, mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, ni juu yako, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Pensheni inategemea umri wako. Mpango wa kuchangia ulianza Januari 2021 kwa watumishi waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo, na michango yako imo kwenye akaunti yako. Aliyebaki kwenye mpango wa zamani afanye hesabu ya pensheni yake kwa makini kabla ya kusikiliza moyo wake.

Ajira za serikali ziko zaidi mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na wauguzi wengi huanza kwa kandarasi. Ukianza diploma na miaka 42, ukapata leseni na 46, una takribani miaka 14 kabla ya kustaafu ukiwa na 60. Wahitimu wa digrii waongeze mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

KMTC hupokea wanafunzi Machi na Septemba, na maombi hupitia KUCCPS, huduma ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni. Barua ya kujiuzulu iandikwe ukiwa tayari na barua ya kupokelewa, umethibitisha kampasi kwenye orodha ya Baraza, na una karo ya mwaka wa kwanza pamoja na kodi ya nyumba ya miezi sita. Iwe na muda wote wa ilani uliotajwa kwenye masharti yako ya kazi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.