Ukoga juu ya chuma: maambukizi ya mifupa na viungo

Kijana amevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda Changamwe, ametiwa chuma, amepona, anatembea. Miezi minane baadaye kovu linafura, linapasuka, linatoa usaha. Mtaani utaambiwa chuma kimemkataa. Mara nyingi chuma hakijamkataa mtu. Ni bakteria waliopata pa kukaa.

Mfupa u hai, una damu yake. Bakteria huufikia kwa njia ya damu, kupitia jeraha, au wakati wa upasuaji. Anayeongoza ni Staphylococcus aureus, ambaye wengi wetu tunaye puani au kwenye ngozi bila kudhurika. Kwa wenye selimundu, na hapa Pwani ni wengi, Salmonella naye huingia mfupani, na maumivu yake hufanana mno na yale waliyoyazoea, kwa hiyo hucheleweshwa nyumbani. Kifua kikuu nacho hushuka hadi uti wa mgongo.

Kiungo hakina subira. Goti la mtoto likivimba, likawa la moto, naye ana homa na hataki kukanyaga, hiyo ni dharura: usaha huanza kula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache. Maji ya goti huvutwa kwa sindano yapimwe, kisha kiungo huoshwa. Eksirei ya siku za mwanzo isikutulize, kwa sababu mfupa huchukua kama wiki mbili kuonyesha dalili pichani.

Pasipo chuma, matibabu yanaeleweka: usaha utolewe, mfupa uliokufa uondolewe, na dawa za kuua bakteria zitumiwe, kwa mtu mzima kwa kawaida wiki 6 hivi.

Chuma hubadilisha hesabu. Hakina damu, kwa hiyo askari wa mwili hawakifikii vizuri. Bakteria hukigandia na kujifunika utando, ndugu yake ukoga wa meno. Mwenye mtungi wa maji anaujua utelezi ule wa ndani: kusuuza hakuutoi, mpaka utie mchanga na kokoto utikise. Ndani ya ukoga huo bakteria hupooza, na dawa nyingi huua wale wanaozaana tu. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen, huko Uingereza, walionyesha kwamba bakteria mamilioni walihitajika kufanya jipu kwenye ngozi ya mtu, lakini palipo na uzi wa kushonea, ambao ni mgeni mwilini kama chuma, mamia machache tu yalitosha.

Ndiyo maana vidonge hukausha kovu, halafu likafumuka tena. Maambukizi yakiwa mapya na chuma kimeshika imara, jeraha hufunguliwa, husafishwa, na chuma huachwa, maana mfupa unaochezacheza huyalisha maambukizi. Rifampisini, ile ile ya TB, husaidia dhidi ya Staphylococcus aliyejificha kwenye ukoga, ila haitolewi peke yake, kwa kuwa bakteria huizoea upesi. (Mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, usishtuke.) Maambukizi yakikawia, chuma hutolewa, na kama mfupa haujaunga, huenda ukashikwa kwa vyuma vya nje.

Jambo moja hupuuzwa sana: usaha uliopanguswa kwenye tundu la ngozi mara nyingi hutaja bakteria wa ngozi tu. Sampuli ya kuaminika hukatwa ndani kabisa, mezani pa upasuaji, kutoka sehemu kadhaa, na ikiwezekana mgonjwa awe ameacha dawa kwa wiki mbili.