Kufunguliwa Kifua Mara ya Pili Baada ya Kubadilishiwa Mzizi wa Aota

Nilibadilishiwa mzizi wa aota miaka 12 iliyopita. Mbona naambiwa nirudi kufanyiwa upasuaji?

Katika upasuaji wa Bentall, uliotangazwa London mwaka 1968, mzizi wa aota, yaani mwanzo wa mshipa mkuu utokao moyoni, hukatwa pamoja na vali yake, likawekwa bomba la kitambaa lenye vali mpya, na mishipa ya koronari inayolisha moyo ikashonewa ubavuni mwa bomba. Vali ya tishu ya mnyama huchakaa, mara nyingi kati ya miaka 10 na 15, na kwa vijana mapema zaidi. Ile ya kaboni (wengi huiita ya chuma) haichakai, ila damu huweza kuigandia. Mshono nao huweza kuachia, damu ikavujia nje ya bomba na kufanya uvimbe. Baya kuliko yote ni vijidudu kujishikiza kwenye bomba.

Nitajuaje?

Uvimbe wa mshono mara nyingi hauumi. Picha ya CT (eksirei za kompyuta) ndiyo huuona, kwa hiyo usikose vipimo vya marudio hata ukijisikia mzima. Ukipata homa isiyoeleweka, usikimbilie antibiotiki za duka la dawa: damu ichukuliwe kwanza ikaoteshwe maabara. Ukishameza vidonge, vijidudu hujificha na jibu hupotea.

Kwa nini mara ya pili ni ngumu zaidi?

Hatari huanza kabla moyo haujaguswa. Kovu huweza kulinatisha bomba nyuma ya mfupa wa kidari, na msumeno ukilichana, damu humwagika kwa kasi. CT huonyesha nafasi iliyobaki. Ikiwa hakuna, mgonjwa huunganishwa kwanza na mashine ya moyo na mapafu kupitia mshipa wa kinena au wa chini ya mtulinga, na pengine mwili hupozwa hadi nyuzi 20 hivi, ili mzunguko wa damu uweze kusimamishwa kwa muda mfupi. Nyaya za zamani zilizofunga mfupa wa kidari hukatwa kwa mbele lakini haziondolewi mara moja: huachwa zizuie meno ya msumeno yasipenye.

Kisha koronari huchambuliwa kutoka kwenye kovu. Zisipofika kwenye bomba jipya hazivutwi kwa nguvu, maana zitavuja au kujikunja, moyo ukose damu. Huungwa kwa kipande cha bomba jembamba au mshipa wa mguuni.

Lazima kifua kifunguliwe?

Ikiwa ni vali ya tishu tu iliyochakaa, huenda mpya ikapitishwa kinenani na kukaa ndani ya ile ya zamani. Penye maambukizi njia hiyo haifai: kwa kawaida bomba lote hutolewa, na dawa za mshipani hufuata kwa wiki 6 hivi.

Na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda?

Daktari huisimamisha takriban siku 5 kabla, heparini, dawa ya aina hiyo ya sindano, ikishika zamu kwa wenye vali ya kaboni. Baadaye INR (kipimo cha kuganda kwa damu) hulengwa kati ya 2 na 3 kwa wengi wao. Mchicha na kisamvu, ingawa hupunguza nguvu ya warfarini, havikatazwi. Kula kiasi kilekile kila wiki.